Mshipa Uliotua

Sharifa mwanangu,

Nimekaa nyuma ya nyumba, alasiri, na huko ndani namsikia mama yako akilifunga sanduku lako, akilifungua, akilifunga tena. Upepo unaleta harufu ya mabibo kutoka kwa jirani. Wewe umekwenda sokoni kununua kandambili, na najua utachelewa, maana watu wote wa mtaa wetu wa Chuno watataka kukuaga. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kunichungulia begani.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Chakula, nguo, marafiki, sala, vyote mama yako amekwisha kukuambia, na asubuhi atakuambia tena. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya ile bahasha kubwa ya kahawia iliyo juu ya kabati letu. Kesho utaibeba wewe. Usiikunje, wala usikubali kondakta aiweke kwenye buti. Ndani mna picha za tumbo lako tangu ulipokuwa mtoto, na daktari wa Dar es Salaam atazihitaji akikupiga picha mpya, kabla hujaendelea na safari yako ya Morogoro kusomea misitu. Picha mpya ikiwa peke yake haisemi mengi. Inasema ikiwekwa ubavuni mwa ya zamani.

Itakuwa mara ya kwanza unaingia kwenye mashine ile bila mimi kuwa nje ya mlango. Tena unaingia wakati ambao hakuna hata mmoja wetu anayejua picha itaonyesha nini, kwa sababu ya huu mtoki uliokutokea.

Sehemu ya hadithi hii unaikumbuka, na sehemu nyingine ulikuwa mdogo mno au mgonjwa mno. Ngoja nikusimulie yote kwa mpangilio, uwe nayo njiani.

Ulikuwa shule ya msingi. Likizo tulikupeleka kwa Bibi Somoe, mama yake mama yako, kule chini karibu na Kilambo, ambako mto Ruvuma unapanuka na kupungua mwendo kama mtu anayeukaribia usingizi. Ulishinda matopeni, kwenye mikoko, ukifukuza kaa. Nilipokuja kukuchukua nilikukuta umelazwa mkekani, na bibi yako ameshika mguu wako kama mtu anayechambua samaki.

"Mke mwenzangu huyu anatembea kama kaa anaowafukuza," aliniambia. "Namuuliza kulikoni, ananiambia paja linavuta."

"Linavuta kweli," ulisema.

"Linavuta nini, na hujalifunga mzigo? Mwalimu, ana mtoki. Hapa kwenye kinena, kama kokwa ya ukwaju. Sasa namtafuta aliyeuleta."

Huku kwetu hakuna asiyejua jambo hilo. Uvimbe ukitokea kwenye kinena, watu hawauangalii uvimbe wenyewe. Wanakwenda mguuni kutafuta kidonda. Bibi yako alikupekua kidole kwa kidole, nawe ukicheka kwa kutekenywa, mpaka akaona mchubuko mdogo kisiginoni, wa gamba la chaza. Alipiga kigelegele.

"Huyu hapa! Mwizi tumemkamata."

Nami, kwa kuwa sijawahi kuona jambo linaloelezeka nikalipita, nilichukua kijiti nikachora mguu wako mchangani. Nilichora vijito vyembamba vya limfu vikipanda kutoka kisiginoni, vikakutana kwenye kinena. Nilikuambia tezi za pale ni kama kizuizi cha barabarani. Uchafu wa kidonda ukipita, askari wanajazana kuukamata, na kwa kuwa wamejazana, kizuizi kinavimba. Kidonda kikipona, askari wanarudi kambini. Ulikuwa mchoro mzuri. Hata bibi yako aliinama kuutazama.

Nawe ukauliza, "Baba, na askari wenyewe wakiugua?"

Nilicheka. Nilisema, "Askari hawaugui ovyo, mwanangu."

Nimefundisha baiolojia karibu umri wangu wote, na sijapata kuulizwa swali zuri kuliko lile. Lilikuwa swali lenyewe hasa. Mimi nilikuwa nimependa mchoro wangu kiasi kwamba sikulisikia. Maji ya mto yalipopanda jioni yaliufuta, nasi tukarudi mjini.

Kidonda kilipona, mtoki ukabaki. Nilimwambia mama yako kwamba askari wengine huchelewa kuondoka. Kisha tumbo likaanza kujaa, na majirani wakasema ni bandama, maana kwetu mtoto mwenye homa na tumbo kubwa ana bandama, na bandama inaletwa na malaria. Ukapewa dawa za malaria. Hilo nalo niliweza kulieleza vizuri. Nilichojifunza ni kwamba maelezo yakinyooka sana, mtu anaacha kutazama. Mama yako, ambaye hakuwa na maelezo yoyote, ndiye aliyekuwa akikutazama kila unapooga. Siku moja alisimama mbele yangu, mikono yake bado ina povu, akasema, "Baba Sharifa, twende hospitali. Usiniambie kitu. Twende."

Daktari wa hapa Mtwara alikubonyeza tumbo polepole huku akitazama ukutani, kama anayesikiliza redio ya mbali. Alisema, "Mwalimu, bandama inakaa juu kushoto, chini ya mbavu. Yake naigusa, haijakua sana. Hiki kingine kiko katikati, ndani, karibu na mgongo. Mkono wangu unaishia juu yake tu. Mpelekeni Dar es Salaam."

Ilikuwa masika na barabara ilikuwa imekatika, hivyo tulikwenda kwa meli. Safari ile inanirudia hadi leo kama kitu nilichokiota. Ulilala sitahani, miguu yako mapajani mwangu, mama yako akikupepea kwa upande wa kanga. Tulipotoka asubuhi kulikuwa na ukungu mwepesi, na kule kusini visiwa vya mikoko vilionekana vimenyanyuka. Chini ya kila kisiwa palikuwa na utepe mweupe wa mwanga, kama vile mtu ameteleza mkono kati ya ardhi na maji akaviinua. Uliniuliza, "Vimeelea?" Nilitaka kukueleza habari za hewa ya moto na hewa ya baridi. Sijui kwa nini, sikueleza. Nilisema, "Ndiyo, vimeelea." Ukafumba macho ukiwa umeridhika.

Dar es Salaam walianza kwa kukata kipande kidogo cha ule mtoki na kukiweka chini ya hadubini. Jina la ugonjwa lilitoka huko. Ilikuwa limfoma, saratani ya tezi. Askari wenyewe walikuwa wameugua. Daktari aliponieleza maneno hayo, niliisikia sauti yako kule mchangani, na nikainamisha kichwa.

Baada ya jina, walitaka kujua ugonjwa umefika umbali gani. Ndipo tulipokwenda kwenye CT-Scan.

Huenda unaikumbuka ile dawa ya kunywa. Ulipewa chupa nzima, unywe kidogo kidogo, na ulipoionja ulinitazama kwa hasira.

"Baba, hii ni chaki ya shule iliyoozea kwenye maji."

"Mimi ninakula chaki kila siku kazini, wala sijafa."

"Basi kunywa wewe."

Nilionja funda moja, mama yako akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Yule daktari wa picha, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alinieleza baadaye kwa nini ilikuwa lazima. Utumbo umejikunja ndani ya tumbo, na picha ikiukata vipande, kila mkunjo unaonekana kama kidonge cha duara. Tezi iliyovimba nayo inaonekana kama kidonge cha duara. Dawa ikiingia utumbo unakuwa mweupe, na kile kisichokuwa cheupe kinabaki kujieleza. Dawa nyingine waliipitisha mshipani, ukapiga kelele kwamba umejikojolea, na hukuwa umejikojolea. Ni joto la dawa tu, humpitia kila mtu. Ikikutokea safari hii, usione haya.

Mashine uliiita kinu kilicholazwa. Ulipoingizwa nilisikia sauti ikikuambia, "Vuta pumzi. Bana. Pumua." Pumzi ikienda, tumbo nalo linakwenda, na picha inatibuka, ndiyo maana ukatakiwa kubana. Nje ya mlango nami nilibana pamoja nawe bila kujijua, mpaka mama yako aliponigonga mgongoni. "Wewe umeambiwa na nani?" Tuliporudi nyumbani, miezi mingi baadaye, uliufanya mchezo. Ulikuwa ukimlaza mbuzi wa jirani na kumwamuru, "Bana!" na mbuzi akikataa unamwambia picha yake imeharibika.

Yule mama alinikaribisha kwenye taa ya kusomea picha. Nadhani aliona nitasumbua watu wengine nisipoelezwa. Nilitazama, nikaona ini liko kushoto, nikashtuka.

"Mmemgeuza mwanangu," nilisema.

"Hatujamgeuza. Wewe umesimama wapi, Mwalimu?"

"Hapa mbele yako."

"Hapana. Simama miguuni kwake. Yeye amelala chali, wewe uko mwisho wa kitanda, unamtazama kuelekea kichwani. Kila kipande tunakitazama kutoka miguuni."

Nilifikiria bibi yako anavyokatakata muhogo wa makopa, kila kipande kikitoka na uso wake. Basi wewe ulikuwa umekatwa kwa mwanga, bila kisu, nami nimesimama miguuni pako nikitazama uso wa kila kipande. Nimeshika miguu yako mara ngapi maishani? Nimeiosha, nimeichomoa miiba, nimeichora mchangani. Sikujua kwamba hapo ndipo mahali pa kusimama.

Kisha alinionyesha kwa ncha ya kalamu. Mfupa wa mgongo ulikuwa chini katikati, mweupe. Mshipa mkubwa wa damu, ule unaoshuka kutoka moyoni, ulikuwa duara dogo linalong'aa. "Kwa kawaida," alisema, "mshipa huu umekaa juu ya mfupa, umegusana nao, kama mtu aliyeegemea ukuta. Wa mtoto huyu uko wapi?" Ulikuwa juu. Kati yake na mfupa palikuwa na rundo la kijivu, tezi zilizovimba zikashikana, zikapenya nyuma ya mshipa na kuunyanyua. Tezi nyingine zilikuwa zimejaa kwenye utando unaoshikilia utumbo, zimeizunguka mishipa midogo kila upande bila kuibana. Damu ilikuwa bado inapita katikati yake, kama kijito kinavyopita ndani ya mikoko.

"Mshipa umeelea," alisema.

Ndipo nikaviona vile visiwa.

Nilimuuliza maswali mengi, kama unavyonijua. Nilimuuliza kama picha ingeweza kutupa jina bila kukukata kinena. Alikataa. Alisema kifua kikuu kikiingia tumboni nacho huvimbisha tezi hizo hizo. Picha inasema kitu kiko wapi na ni kikubwa kiasi gani, jina linatoka kwenye kipande. Alisema pia kwamba bandama inaweza kuwa na ukubwa wa kawaida na bado ina ugonjwa ndani, au ikawa kubwa kwa malaria tu. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemsikia akipenda kazi yake na huku akitaja kila mahali inapoishia.

Miezi ya dawa sitaisimulia. Unajua nywele zilikwenda na zikarudi. Unajua bibi yako alikuja na kikapu cha korosho, akaona kichwa chako, akavua mtandio wake na kukuonyesha mvi zake zilizonyolewa. "Mke mwenzangu," alisema, "sasa mume wetu atatuchanganya."

Tulipopigwa picha tena baada ya dawa, niliingia mwenyewe kwenye chumba cha taa kabla hujatoka kitandani. Nilisimama miguuni pako, safari hii bila kuambiwa. Yule mama alizipanga mbili, ya zamani na mpya, kipande kile kile na kipande kile kile. Kisha aliweka kalamu kwenye lile duara linalong'aa.

"Umetua, Mwalimu."

Ulikuwa umetua. Umeegemea mfupa wake, kana kwamba haukuwahi kuondoka. Nyuma yake kulikuwa na mstari mdogo wa kijivu, kama alama inayobaki ufukweni maji yakipwa. Nilimuuliza ni nini. Alisema, "Huenda ni kovu. Picha hii inaonyesha umbo, haionyeshi uhai. Siwezi kukuambia kama kimelala au kimekufa. Tutakitazama tena, na tena. Kisipokua, tutakiita kovu."

Hakijakua. Kila tulipokwenda kilikuwa vile vile, na taratibu tukapata ujasiri wa kukiita kovu. Kila mara nilikuwa mimi ninayeingia kwanza. Nilikuwa naisikia habari, naikalia kidogo kwenye benchi la nje, kisha nakuletea ikiwa imepoa, imepangwa, ina mifano. Ulikuwa mtoto, na nilidhani ndiyo kazi yangu. Ulipokuwa mkubwa niliendelea, kwa sababu nilikuwa nimezoea.

Sasa mtoki umerudi. Mwezi uliopita ulimwambia mama yako, naye akaniambia mimi. Bibi yako alipopata habari alipanda gari la kwanza kutoka Kilambo, akakulaza mkekani humu humu ndani, msichana mzima wewe, akapekua vidole.

"Mke mwenzangu, kipo! Huyu hapa, kwenye kidole cha mwisho. Jembe?"

"Jembe, bibi. Shambani Mpapura."

"Umeona? Safari hii mwizi ni wa kweli."

Mlicheka wote wawili, nami nilikuwa mlangoni. Ulinitazama. Nilijua unasubiri nichukue kijiti.

Ilikuwa rahisi kuueleza. Kidonda kipo, kinaelekea kupona, na unasema mtoki umepungua. Mama yako naye anasema umepungua. Daktari wa hapa anasema huenda ni mtoki tu kama mitoki ya watu wote, lakini kwa mtu mwenye historia yako hataki kubahatisha. Ndani kabisa, mbele ya mgongo, mkono haufiki. Ule mstari wa kijivu umekaa vile vile, au umeanza kuamka. Nilifungua mdomo, na nilichokisema ni, "Sijui, mwanangu." Nadhani ulishangaa kuliko mimi.

Umekwisha kuwa mtu mzima. Siwezi tena kukuangalia kama nilivyokuangalia ulipokuwa mtoto, wala haifai. Habari za mwili wako nazipata kwa maneno yako, kama vile mtu aliye ng'ambo ya mto anavyozipata za huku. Nimekaa nikifikiri jambo hilo siku nyingi, na nimeona ni haki. Ndiyo maana sitakuja nawe. Si kwamba nimechoka. Mama yako amenisihi niende, na jana nusura nikate tiketi. Lakini nikija nitaingia kwanza kwenye kile chumba. Siwezi kujizuia. Nitaingia, nitatazama, nitakaa kwenye benchi na kuanza kuipooza habari yako kabla wewe hujaiona.

Kwa hiyo, ukitoka kwenye kinu chako, usikae nje. Mwombe daktari akuonyeshe. Kama yule mama bado yupo, atakukumbuka, nawe mwambie habari za mbuzi. Kama ni mwingine, mpe bahasha na umwombe azipange mbili mbili, kipande kile kile. Tafuta kwanza mfupa, kisha duara linalong'aa juu yake. Ini lako litakuwa kushoto. Usishtuke, hujageuzwa. Ndivyo mtu anavyoonwa na yule aliyesimama miguuni pake akimsubiri ainuke. Safari hii utasimama hapo mwenyewe, nami najua hapatakuwa patupu.

Ukishaona, usinipigie hapo hapo. Kaa na habari yako kwanza. Kama ni njema, itembeze kidogo peke yako, uone ilivyo nyepesi. Kama si njema, tunapanda basi mimi na mama yako asubuhi inayofuata, na bibi yako pia, hutaweza kumzuia. Shule itakusubiri. Misitu haihami.

Kisha upige simu ya mama yako, nami nitakuwa karibu nayo, hilo usiwe na shaka. Sitauliza maswali mengi. Nitauliza neno moja tu: umetua? Lugha yetu haitenganishi. Mshipa ukirudi kwenye mfupa wake, umetua. Wewe ukifika ulikokwenda na kuweka mzigo chini, umetua. Sitasema nimeuliza lipi. Nijibu yote mawili.

Nakusikia langoni unaagana na mtu, na anakuchelewesha. Acha akuchelewe­she.

Baba yako